Taa ya Kando ya Kitanda Isiyo na Moto



Mwalimu wetu wa Fizikia alitutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike kila mmoja jambo moja alilolifanya nyumbani wakati wa likizo, lenye uhusiano na masomo yetu. Nimeandika langu kwa Kiswahili, ingawa somo lenyewe twalisoma kwa Kiingereza, kwa sababu gazeti hili husomwa na wazazi pia, nami nataka mama yangu alisome mwenyewe bila ya kutafsiriwa. Maneno yangu ni juu ya taa ndogo ya kuwekwa kando ya kitanda, ambayo mtu aweza kuitengeneza kwa vitu vilivyokwisha kutupwa. Lakini kwanza sina budi kueleza kwa nini niliitengeneza.

KIBATARI CHETU

Kwetu ni Mbagala, Wilaya ya Temeke, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Tumepanga vyumba viwili katika nyumba yenye wapangaji sita na mita moja ya umeme. Wakaao katika nyumba za namna hiyo, iwe Mbagala au Tandika, Tandale au Mwananyamala, wayajua mambo yake. Kila mpangaji hutoa fedha za LUKU, lakini uniti huisha siku isiyotazamiwa, na mara nyingi huisha usiku. Hapo mwenye friji humlaumu mwenye pasi, mwenye pasi humlaumu mwenye televisheni, na mpaka kunakucha hakuna aliyenunua. Twajua kwamba nchi yetu imejenga Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na kwamba mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi Februari 2024. Jambo hilo ni la kushukuru. Lakini umeme uliojaa katika nyaya za taifa hauwashi taa ya chumba ambacho uniti zake zimekwisha saa sita za usiku.

Mama yangu huuza vitumbua. Huamka saa tisa za usiku ili asage mchele aliouloweka jana yake na kuumua unga kabla ya alfajiri. Kwa hiyo kando ya kitanda chake sharti pawe na mwanga wa kumwonyesha kanga yake, viatu vyake, na mdogo wangu wa miaka sita ambaye hulala naye. Huenda mtu akauliza: je, simu haina tochi? Inayo. Lakini simu ya mama ndiyo daftari lake na ndiyo benki yake. Wateja humpigia alfajiri, na wengine humlipa kwa simu hiyo hiyo. Umeme ukikosekana usiku, chaji iliyobaki ni ya kazi, si ya kumulikia viatu.

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilimtengenezea mama kibatari. Nilichukua kopo dogo la nyanya, nikatoboa kifuniko, nikapitisha mrija wa bati, nikatia utambi wa kitambaa cha pamba na mafuta ya taa. Nilijisifu sana kwa kazi ile. Wala si kazi ya aibu. Umeme wa kwanza wa Dar es Salaam uliletwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1908, nao ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa Wazungu. Mitaa mingine iliendelea kumulikwa na vibatari na chemli kwa miaka mingi, na mafundi bati waliogeuza makopo matupu kuwa koroboi waliwasaidia watu wengi kusoma, kupika na kuuguza wagonjwa. Kosa langu halikuwa kutengeneza kibatari. Kosa langu lilikuwa kukiweka kando ya kitanda chenye chandarua.

Katika wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba iliyopita, mama aliamka kama kawaida yake, akawasha kibatari, akajinyoosha kuchukua kanga. Upindo wa chandarua ukagusa moto. Chandarua chetu si cha pamba. Ni cha nyuzi za plastiki, na kinaposhika moto huyeyuka na kudondoka matone yenye kuunguza. Mama alikishika kwa mkono wake wa kulia akakivuta chini, nami nikamtoa mdogo wangu upande wa ukutani. Kisha mama akachukua beseni la mchele uliolowekwa akalimwaga lote juu ya moto, nao ukazimika. Ilikuwa bahati kwamba kibatari hakikupinduka.

Mdogo wangu hakuumia. Kiganja cha mama kiliungua, na kwa siku 16 hakuweza kuchota unga wala kushika kikaango. Vitumbua ndivyo vinavyotulisha. Siku hizo tulikula kwa msaada wa majirani, na nauli yangu ya kurudi shuleni ilitoka kwa mjomba. Mama hakunilaumu hata neno moja. Aliniambia tu, “Tutafutie taa nyingine, baba.”

Ndugu zangu wanafunzi, jambo hili si la nyumbani peke yake. Mwezi Juni 1994 bweni la Shule ya Sekondari ya Shauritanga, Mkoa wa Kilimanjaro, liliungua usiku na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Mwezi Agosti 2009 bweni la Shule ya Sekondari ya Idodi, Mkoa wa Iringa, liliungua na wasichana 12 wakafa. Ilielezwa kwamba moto ulitokana na mshumaa wa kusomea. Wale walikuwa wanafunzi kama sisi. Basi anayenung'unika kwamba mishumaa imekatazwa mabwenini na akumbuke majina ya shule hizo mbili.

TOCHI ILIYOKUFA HAIJAFA YOTE

Niliondoka Mbagala nikaenda Tandale, Wilaya ya Kinondoni, kwa mjomba wangu ambaye ni fundi redio. Nilipomwamkia aliniuliza kwanza hali ya mkono wa mama, kisha akanionyesha boksi lililojaa tochi mbovu za kuchaji.

“Hizi zote zimeletwa zikasemwa zimekufa,” alisema. “Kilichokufa ni betri ya ndani tu. Macho yake ni mazima.”

Macho aliyoyasema ni vile vijitaa vidogo vyeupe viitwavyo LED. Balbu ya zamani ya tochi huwa na uzi mwembamba unaopashwa moto mpaka ung'ae, na sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kuwa joto. LED haipashi uzi wowote. Ni kipande kidogo cha madini maalumu ambacho hutoa mwanga umeme unapopita ndani yake kwa upande mmoja tu. LED nyeupe za kawaida kwa kweli ni LED za buluu zilizofunikwa kwa unga wa rangi ya manjano, na rangi hizo zikichanganyika jicho letu huona nyeupe. Kupata ile ya buluu kulichukua miaka mingi, hata wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, yaani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Sasa kuhusu betri. Jirani yetu mmoja ni mlinzi wa usiku, naye husikiliza redio ya betri kubwa, zile ambazo wazee huziita mawe. Redio ikianza kukoroma huzitupa. Nilizipima nikakuta kila moja bado ina volti 1.2, wakati betri mpya huwa na volti 1.5. Kwa nini basi redio haisikiki vizuri? Kwa sababu betri iliyotumika huongezeka ukinzani ndani yake. Ukiidai mkondo mkubwa, kama ule unaotakiwa na spika ya redio, volti zake hushuka. Ukiidai mkondo mdogo, bado hutoa. Ni kama mzee aliyeshindwa kubeba gunia, lakini akaweza kubeba ungo. LED huhitaji mkondo mdogo sana, na hapo ndipo betri iliyotupwa hupata kazi.

HESABU YAKE

LED nyeupe huhitaji kama volti 3 ili iwake. Betri tatu zilizotumika, zikipangwa kwa mfuatano, hutoa 1.2 × 3 = volti 3.6. Hizo zatosha. Lakini mtu akitia betri tatu mpya atapata volti 4.5, na LED iliyounganishwa moja kwa moja itapitisha mkondo mwingi kupita kiasi na kuungua. Kwa hiyo kila LED yapasa iwekewe rezista, ambayo ni kizuizi cha mkondo. Tutumie Sheria ya Ohm tuliyojifunza:

Betri mpya: volti 4.5 toa volti 3 zabaki volti 1.5. Gawanya kwa omu 100, utapata ampea 0.015, yaani miliampea 15. LED ndogo za tochi huhimili kama miliampea 20, basi tuko salama.

Betri zilizotumika: volti 3.6 toa volti 3 zabaki volti 0.6. Gawanya kwa omu 100, utapata miliampea 6. Mwanga ni mdogo zaidi, lakini wafaa kwa kando ya kitanda.

VIFAA

1. Betri tatu kubwa za redio zilizokwisha kutumika, zisizovuja.
2. LED tatu pamoja na swichi, kutoka katika tochi mbovu.
3. Rezista tatu za omu 100. Utazitambua kwa mistari yake: kahawia, nyeusi, kahawia.
4. Waya mwembamba wa rangi mbili, kama mita moja.
5. Kipande cha ubao, urefu sentimita 35 na upana sentimita 10. Maseremala hutupa vipande vya namna hii kila siku. Mimi nilipewa changu bure Keko.
6. Vijiti viwili virefu vya mbao, na viwili vifupi vyenye unene wa kidole.
7. Vipande viwili vya bati la kopo, vilivyokwaruzwa rangi.
8. Ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli.
9. Kopo jeupe la plastiki la mtindi pamoja na kifuniko chake.
10. Tepu ya umeme na misumari midogo.

Vitu nilivyonunua ni waya kwa shilingi 500, tepu kwa shilingi 500, na rezista tatu kwa shilingi 300. Jumla ni shilingi 1,300. Kabla ya hapo mama alikuwa akinunua mafuta ya taa ya shilingi 1,000 kila wiki.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, pigilia vijiti viwili virefu juu ya ubao, vikiacha mfereji wa kulaza betri. Zilaze betri tatu kwa mstari, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine. Acha nafasi ya betri ya nne. Baadaye nitaeleza kwa nini.

Pili, funga waya mmoja katika kila kipande cha bati. Weka bati moja mwanzoni mwa mstari wa betri na jingine mwishoni, kisha zungusha ukanda wa mpira kwa urefu uzibane betri na bati pamoja. Bati lisipobanwa sawasawa taa itapepesa.

Tatu, toboa matundu madogo kwenye kifuniko cha kopo la mtindi, upitishe miguu ya LED zote tatu ili vichwa vielekee juu. Kabla ya kufunga lolote, ijaribu kila LED kwa betri na rezista. Isipowaka igeuze, kwa kuwa hupitisha umeme upande mmoja tu. Mguu unaounganishwa na kichwa cha betri inapowaka ndio mguu chanya. Utie alama.

Nne, funga rezista moja katika kila mguu chanya. Ncha za rezista zote tatu ziunganishe pamoja, uzipeleke kwenye swichi, na kutoka kwenye swichi mpaka bati la upande wa kichwa cha betri. Miguu hasi yote mitatu iunganishe pamoja, uipeleke kwenye bati la upande wa kitako. Mjomba alinilehemea viungo hivi, lakini hata kusokota waya vizuri na kuuzungushia tepu hufaa. Angalia sana waya tupu wa upande chanya usiguse wa upande hasi.

Tano, pigilia kifuniko juu ya vile vijiti vifupi kwenye ncha ya ubao iliyobaki, ili waya zipite chini yake. Kisha lifunike kopo la mtindi juu yake kama kofia. Weupe wa kopo hutawanya mwanga, kwa maana LED ikitazamwa tupu huchoma macho. Taa imekwisha.

Ya kwangu haikuwaka mara ya kwanza. Nilikuwa nimebandika karatasi ya fedha juu ya kifuniko nikidhani itaongeza mwanga, nikasahau kwamba hupitisha umeme. Ilikuwa imegusa miguu yote. Nilipoibandua na kuweka karatasi nyeupe ya kawaida, taa iliwaka. Nawaeleza hili ili msirudie.

ILIVYOFANYA KAZI

Nisiisifu kupita kiasi. Mwanga wake ni kama wa kibatari. Watosha kuonyesha chumba kidogo, kutazama mtoto na kuvaa. Mtu aweza kusoma ukurasa kitabu kikiwa karibu, lakini si taa ya kukesha nayo kwa mitihani. Anayeweza kununua taa ya jua iliyotengenezwa kiwandani na anunue, maana hiyo ni bora zaidi. Hii ni kwa yule ambaye leo hana fedha hizo.

Tuliiwasha kama saa moja kila usiku. Betri zile tatu zilidumu usiku 19, kisha mwanga ukafifia. Hapo sikuzitupa. Niliongeza betri ya nne iliyotumika katika ile nafasi niliyoiacha, volti zikapanda, taa ikawaka tena. Hivyo ndivyo betri zinavyokamuliwa mpaka tone la mwisho.

MAMBO YA KUANGALIA

1. Usiunganishe taa hii na umeme wa ukutani kwa njia yoyote. Umeme huo ni volti 230, nao huua.
2. Usitumie betri ya simu ya zamani badala ya betri za redio. Betri hizo zikitobolewa, zikivimba au zikichajiwa vibaya hushika moto, na hapo tutakuwa tumerudi kwenye kibatari.
3. Betri inayovuja iondoe. Maji yake hula bati na huwasha ngozi. Nawa mikono baada ya kuishika.
4. Usitupe betri motoni, wala usizichaji. Si za kuchajiwa.
5. Rezista na vipande vya waya visiachwe sakafuni penye watoto wadogo.

MWISHO

Mama alipoiona taa mara ya kwanza aliiwasha na kuizima mara tatu. Kisha akaweka kiganja chake, ambacho kilikuwa bado na kitambaa, juu ya kopo la mtindi, akakiacha pale kwa muda. Akasema, “Haina joto.” Tangu siku hiyo chandarua kipya huteremshwa mpaka chini kila usiku, na taa hukaa hapo hapo kando yake.

Wiki iliyofuata nilitengeneza nyingine mbili, moja ya mlinzi aliyetupa betri na moja ya mpangaji mwenye mtoto mchanga. Niliporudi shuleni nilimwonyesha mwalimu wa Fizikia, naye akaikagua waya kwa waya. Kwa idhini ya patroni, taa moja sasa imewekwa katika bweni letu karibu na kitanda cha kiranja, ili mwenzetu akiugua usiku pasiwe na haja ya kuwasha kiberiti.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji, na hasa wazazi, mwenye tochi iliyokufa asiitupe. Mpeni mtoto wenu aje nayo shuleni muhula ujao. Tutaifungua mezani katika maabara, tutayapima macho yake, na atarudi nayo nyumbani ikiwa taa. Na kama katika nyumba yenu kuna kibatari karibu na chandarua, msingoje tochi. Kiondoeni usiku huu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne